Watoto Njiti na Wajibu Wetu Tuliobaki Nyumbani

Hotuba ya mkunga mstaafu mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi, Mwanhuzi, katika maadhimisho ya miaka mia moja

 

Katika sherehe kama hii mzungumzaji hutazamiwa kunena juu ya mambo makubwa: majengo yaliyosimamishwa, idadi ya waliobatizwa, majina ya watangulizi wetu. Hayo yamekwisha kusemwa vizuri na wenzangu. Mimi nimeombwa kuzungumza juu ya kilicho kidogo kuliko vyote ambavyo mikono yangu ilipata kushika katika kazi ya ukunga, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake.

Hapa Tanzania watoto hao huitwa watoto njiti. Wako akina mama wasiolipenda jina hilo, nami nawaelewa, maana si vyema mtu kuitwa kwa wembamba wa viungo vyake. Lakini kila aliyewahi kupika anajua kwamba njiti ya kiberiti, ambayo ni nyembamba na huvunjika upesi, ndiyo iwashayo moto wa nyumba nzima, iwapo tu mtu ataikinga na upepo kwa viganja vyake. Habari ninayotaka kuwaeleza ni habari ya viganja hivyo.

Tuanze na maana. Mimba iliyotimia huchukua wiki 37 hadi 42. Mtoto azaliwaye kabla ya kutimia wiki 37 ni njiti. Wako wanaozaliwa katika wiki ya 35 au 36, ambao kwa macho huonekana wamekamilika ila wepesi wao. Na wako wanaozaliwa katika wiki ya 28, wenye uzito wa kilo moja hivi, sawa na mfuko mmoja wa sukari tuununuao dukani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watoto njiti milioni 13.4 walizaliwa duniani, karibu mmoja katika kila watoto kumi. Kwa hesabu hiyo ni vigumu kupata hapa ukoo ambao haujaguswa.

Sababu zake ni nyingi: mimba ya mapacha, shinikizo la damu, maambukizi, malaria, upungufu wa damu, umri mdogo wa mama, au mimba zinazofuatana bila kupumzika. Mara nyingi hata daktari bingwa hapati sababu yoyote. Nasema haya kwa makusudi, kwa kuwa nimewaona akina mama wakitoka wodini wakiwa na mtoto mikononi na shutuma mabegani. Mama huyo hajatenda kosa, wala hakuna jirani aliyemtazama kwa jicho baya. Tusimwongezee mzigo.

Ndugu zangu, nchi yetu imepiga hatua kubwa katika kuokoa maisha ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 67 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi 43. Chanjo, vyandarua na dawa za malaria vimefanya kazi yake. Lakini tukiwatazama watoto wachanga peke yao, wale wa mwezi wa kwanza, tunakuta kwamba walikufa 25 katika kila 1,000 kwa utafiti ule wa kwanza, na 24 kwa ule wa pili. Yaani mlango wa miaka mitano tumeufungua, lakini kizingiti cha mwezi wa kwanza kiko karibu palepale. Na kuzaliwa kabla ya wakati ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo.

Mtoto njiti hufa kwa sababu gani? Mahitaji yake ni manne, nayo yanaeleweka kwa mtu yeyote. Kwanza ni pumzi. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa, na mtoto aliyekomaa huwa na utelezi maalumu unaovizuia visigandamane. Njiti mara nyingi hana utelezi huo wa kutosha. Kila pumzi kwake ni kama kufungua upya mfuko wa nailoni uliolowa. Pili ni joto. Ngozi yake ni nyembamba na hana mafuta chini yake, hivyo hupoteza joto upesi hata katika nchi ya jua kama hii yetu. Tatu ni chakula. Kabla ya wiki ya 32 au 34 hawezi kupatanisha kunyonya, kumeza na kupumua. Hana budi kupewa maziwa ya mama yake kidogo kidogo, kwa mpira mwembamba upitao puani au mdomoni, kisha kwa kikombe. Nne ni usafi, maana kinga yake ni changa, na kidole kimoja kisichonawa chaweza kumletea maambukizi ya damu.

Kwa muda mrefu hata wenye uwezo walishindwa. Mwezi Agosti 1963 Rais John F. Kennedy wa Marekani na mkewe walipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, akiwa na uzito wa zaidi kidogo ya kilo mbili. Alikuwa na madaktari wote ambao nchi ile tajiri ingeweza kuwaita, lakini hakufikisha siku mbili. Mapafu yake yalishindwa. Leo mtoto wa uzito ule, akipata oksijeni kwa wakati na mashine ndogo inayosukuma hewa puani mfululizo ili mapafu yasijifunge, mara nyingi hukua akaenda shule.

Kuhusu joto, wataalamu wa Paris katika miaka ya 1880, akiwemo daktari Stéphane Tarnier, walitengeneza sanduku la kutunzia watoto kwa kuiga vyombo vya kuangulia vifaranga. Huo ndio mwanzo wa mashine ya joto iitwayo inkubeta. Ni chombo chema, na kimeokoa wengi. Lakini kinataka umeme usiokatika, fundi wa kukitengeneza, na mtu wa kukisafisha kila siku. Pale ambapo watoto watatu hulazwa katika inkubeta moja, ugonjwa wa mmoja huwa ugonjwa wa wote.

Mwaka 1978, katika jiji la Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na shida hiyo hiyo: watoto wengi, mashine chache, maambukizi na vifo. Akaamua kumrudisha mtoto kwa mama. Mtoto huvuliwa nguo zote isipokuwa nepi, kofia na soksi, akawekwa wima kati ya matiti ya mama yake, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa kitambaa. Njia hiyo ikapewa jina la mnyama kangaruu, abebaye mwanawe mfukoni. Sisi ambao tumelelewa katika mbeleko hatukupaswa kushangaa. Tofauti ni kwamba mgongo umekuwa kifua.

Baadaye swali likawa hili: je, tumngoje mtoto atengemae kwanza katika mashine ndipo tumpe mama, au tumpe mama tangu mwanzo? Jibu lilitafutwa katika hospitali tano za nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Kwetu ilikuwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Watoto 3,211 wenye uzito wa kuanzia kilo moja hadi chini ya kilo 1.8 waligawanywa katika makundi mawili. Wa kundi la kwanza waliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, hata kabla hali zao hazijatengemaa. Wa kundi la pili walingoja kwanza kama ilivyokuwa desturi. Katika siku 28, kundi la pili lilipoteza karibu watoto 16 katika kila 100. Kundi la kwanza lilipoteza 12. Faida ilionekana wazi kiasi kwamba mwezi Januari 2020 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, ili watoto wengine wasinyimwe huduma hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba mtoto njiti awekwe kifuani mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Naomba tusimame hapo kwenye hesabu ya saa. Katika utafiti ule, watoto wa kundi la kwanza walikaa kifuani kwa wastani wa saa 17 kwa siku. Saa 17! Mama aliyefunga mtoto kifuani kwa saa hizo halimi, hachoti maji, hapiki, hakamui ng'ombe, wala hawezi kuwaogesha watoto wengine. Dawa tuliyoipata haihitaji umeme wala fedha za kigeni, lakini ina bei yake, na bei hiyo ni muda wote wa mwanamke mmoja kwa wiki kadhaa.

Sasa niruhusuni niungame jambo. Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu, katika wodi ambayo sitaitaja, utaratibu ulikuwa kwamba mtoto njiti abaki katika chumba chake na mama abaki katika chumba cha akina mama. Mama aliitwa kila baada ya saa tatu kukamua maziwa, kisha alitolewa nje. Nami niliusimamia utaratibu huo kwa ukali, nikidhani namlinda mtoto. Alikuwepo mama mmoja kutoka kijijini, mwenye mtoto wa kilo moja na robo. Siku ya tisa alinijia akaniambia, "Mama, nyumbani nina wengine wanne, na pamba imepasuka shambani. Huyu nakuachia wewe na Mungu." Nilimkaripia. Asubuhi hakuwepo. Nikaandika katika faili: mama ametoroka.

Mtoto yule aliishi siku sita zaidi.

Kwa miaka mingi nilimhesabia kosa mama yule. Baadaye nilianza kujiuliza maswali ambayo sikumuuliza siku ile. Mumewe alikuwa wapi? Nani alikuwa akiwapikia wale wanne? Je, katika kijiji kizima hakupatikana mtu wa kuchuma pamba ile kwa siku mbili? Na mimi niliyemtoa nje ya chumba cha mtoto kila baada ya saa tatu, nilimpa sababu gani ya kuamini kwamba kuwepo kwake pale kulikuwa dawa? Hakutoroka. Aliitwa na nyumba iliyokuwa haina mtu mwingine, akaachiliwa na wodi iliyokuwa haimhitaji.

Wapendwa, kosa la wodi linarekebishwa. Leo wauguzi hufundishwa kwamba mama si mgeni katika chumba cha mtoto njiti, bali ni mmoja wa wahudumu wake, na hospitali zinaanza kuweka vitanda vya akina mama ndani ya vyumba hivyo hivyo. Hospitali zinazomilikiwa na Kanisa letu pia zimechangia. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 ng'ambo ya bonde la Ziwa Eyasi, ilikuwa miongoni mwa hospitali nane za Tanzania ambako wakunga walifundishwa upya kumsaidia mtoto kupumua katika dakika yake ya kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Mafunzo ya siku moja na vifaa vidogo vilifanya hayo.

Lakini kosa la nyumbani halirekebishwi na hospitali, wala na Serikali peke yake. Siku ya Mei Mosi 2024 Serikali ilitangaza nia ya kuwaongezea likizo akina mama waliojifungua watoto njiti, na mwaka 2025 sheria za kazi zikarekebishwa kwa ajili hiyo. Miongoni mwa walioliomba jambo hilo ni Taasisi ya Doris Mollel, iliyoanzishwa na dada ambaye mwenyewe alizaliwa njiti. Tunashukuru sana. Hata hivyo likizo hiyo ni ya mwajiriwa. Mama wa Meatu anayelima pamba na mtama, au anayeuza mboga sokoni hapa Mwanhuzi, hana mwajiri wa kumwandikia barua. Mwajiri wake ni jembe, na jembe halitoi likizo.

Basi likizo yake itatoka wapi? Itatoka kwetu sisi.

Wala si jambo geni. Wazee mlioketi mbele mnakumbuka vijana wa kijiji, basumba, wakiongozwa na nsumba ntale wao, walivyoingia katika shamba la mtu kwa nyimbo na majembe, wakamaliza kwa siku moja kazi ambayo mwenyewe angeifanya kwa mwezi. Hakuna aliyeona kwamba ni sadaka kwa maskini. Ilikuwa namna ya watu kuishi. Hayo ndiyo ninayoyaomba kwa ajili ya nyumba ambayo mama yake yuko wodini na mtoto wa kilo moja na nusu kifuani.

Naomba basi mambo haya yaingie katika utaratibu wa jumuiya zetu. Mama mjamzito akipata damu, maji kuvuja, kichwa kuuma sana au uchungu kabla ya wakati, asingojeshwe nyumbani mpaka jioni. Afike mapema katika Hospitali ya Wilaya hapa Mwanhuzi, ili ikihitajika apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa Bariadi, au Bugando kule Mwanza, akiwa bado na mtoto tumboni. Hakuna chombo cha kumsafirishia njiti kinacholishinda tumbo la mama yake. Na ikiwa amekwisha kuzaliwa, asafiri ngozi kwa ngozi kifuani, amefunikwa vizuri na kofia kichwani. Asivikwe nguo nyingi akalazwa kwenye kiti cha gari.

Mama akilazwa, jumuiya ikutane siku hiyo hiyo na kugawana kazi kwa majina: fulani atawapikia watoto, fulani ataangalia mifugo, fulani na fulani watapalilia. Hata pale ambapo matibabu hayalipiwi, nauli na chakula hulipiwa, na mama asiyekula hana maziwa. Peleka uji, peleka maharage na maziwa ya ng'ombe kwa ajili yake. Kwenye wodi usiende na kundi. Nenda mmoja, nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na usiombe kumbusu mtoto.

Kwa akina baba nina neno la pekee. Kifua cha mwanaume nacho kina joto. Nilimwona mfugaji mmoja, mtu mrefu mwenye sauti nzito, akivua shati kwa aibu ili mkewe apate kulala saa tatu tu. Wenzake walipomcheka dirishani, alinyamaza. Mtoto alipotulia kifuani pake, na wao walinyamaza. Bibi, shangazi na dada nao wanaweza kupokezana. Dada yake Musa hakuwa na maziwa wala hakuwa na nguvu za kupambana na Farao. Alisimama tu kwa mbali, akikiangalia kile kikapu. Kusimama kwake kulimrudisha mtoto kwa mama yake.

Aidha, siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali si mwisho wa safari. Mtoto aendelee kubebwa kifuani nyumbani, apelekwe kliniki kwa tarehe zote alizopangiwa, apimwe macho na masikio pale huduma hiyo ipatikanapo, wala asifananishwe na mtoto wa jirani waliozaliwa mwezi mmoja. Umri wake halisi uhesabiwe kuanzia siku aliyopaswa kuzaliwa.

Na wako watakaofariki, hata tufanye yote. Hapo nasi hukosea, maana huwa tunasema, "Alikuwa mdogo tu, utapata mwingine." Mama yule alimbeba, alimnyonyesha kwa matone, alijua pumzi zake. Mwanawe na aitwe kwa jina lake, azikwe kwa heshima, na watu wakae na wazazi kama wakaavyo kwa msiba mwingine wowote.

Baba Askofu, wapendwa wote: katika miaka mia tumejifunza kuchanga matofali na mabati, na jengo hili ni ushahidi. Ninaloomba kwa miaka ijayo ni mchango wa siku. Kila nyumba itoe siku mbili za kazi zake kwa mama aliye wodini. Nyumba ishirini zikifanya hivyo, tumempa siku arobaini, nazo zatosha kwa watoto njiti wengi kuongeza uzito na kurudi nyumbani wakiwa hai.

Yule mama wa pamba simjui alipo leo. Kama yu hai, ni bibi wa umri wangu. Ningependa ajue kwamba lile neno nililoliandika katika faili lake nimelifuta moyoni, na mahali pake nimeandika jina langu.